Shoga, kuhusu hayo mabaka

Mikindani

Shoga yangu wa Newala, hujambo? Huku tupo, joto tu ndo linatutoa roho. Picha za hayo mabaka yako meupe nimeziona, nikazikuza mpaka basi. Kwanza habari ya ukoma itoe kichwani, baka la ukoma linakufa ganzi na wewe umesema ukijifinya pale unasikia vizuri tu, halafu daktari keshakwambia ni vitiligo, ule ugonjwa wa ngozi kupoteza rangi, sasa jirani anayesema ukoma unamsikilizia nini?

Ila kuna kitu nimekiona. Baka jipya limekaa palepale mafuta ya ganda la korosho yalipokubabua ulipokuwa unabangua, pale kati ya dole gumba na cha shahada. Sio mkono wa mtu huo shoga. Mwenye vitiligo akiungua au akikwaruzika, ata sidiria ikimbana tu kila siku, baka linaweza kutoka hapohapo.

Mana iko hivi, zile seli za kutengeneza rangi ya ngozi, melanositi, kazi yao ni sulubu, kila zikitengeneza rangi zinazalisha na sumusumu kama haidrojeni paroksaidi na kwa mwenye vitiligo hazimudu kuisafisha. Ongeza na kidonda hapo, seli inataharuki inaanza kumwaga nje protini zake za dharura, moja inaitwa HSP70, nayo inatoka imebeba vipande vya mali za ndani. Nyumba ikishika moto si vyombo vinarushwa uani, kila mtu anaona mpaka chaga za kitanda? Basi askari wa kinga wakishaviona hivyo vipande, vya tirosinasi, vya MART-1, protini za melanositi zenyewe, wanavikariri sura, halafu wanaanza kuzisaka ata melanositi zilizokaa mbali hazina shida na mtu. Ndo unaona leo mkono, kesho pembeni ya mdomo.

Na ile krimu yako ya kung'arisha, mwaya, utanuna ila acha. Krimu kama hizo zinaweza kuwa na kemikali za jamii ya fenoli zilizofanana na tirosini, malighafi ya rangi yenyewe, seli inazipokea ikidhani ni yenyewe, zikishageuzwa mle ndani zinanata kwenye protini na mwili unaanza kuziona ngeni. Mwaka 1939 huko Marekani iliandikwa habari ya wafanyakazi wa kiwanda cha kusindika ngozi za wanyama, wametoka mabaka meupe sababu ya glavu za mpira zilizotiwa monobenzoni, mojawapo ya hizo kemikali. Na hiyo monobenzoni baka inatoa mpaka pasipogusa!

Dawa zipo, mwulize daktari krimu ya takrolimasi, ile ya kutuliza askari wa kinga kwenye ngozi, na matibabu ya mwanga, hasa kwa usoni, mana vidoleni huwa pagumu rangi kurudi, nisikudanganye. Kubangua msimu huu mwachie wifi.

Mama anakusalimia, anauliza ming'oko yake utampa nani ashuke nayo.

Wako,
shoga ako wa Mikindani