Dakika 20 kabla ya mechi zingeokoa magoti ya wasichana wetu

Mhariri,

Kila msimu wa michezo ya shule za upili huwa tunashuhudia tukio lile lile: msichana anaanguka bila kuguswa na mtu, anabebwa hadi kando ya uwanja, goti linafungwa barafu, na mechi inaendelea. Nimekuwa mkufunzi wa soka ya wasichana hapa Eastlands kwa miaka tisa, na katika muda huo wachezaji wangu watatu wamekatika kano ya mbele ndani ya goti. Wawili walikuwa wakigeuka ghafla kumkwepa mpinzani. Wa tatu alitua kwa mguu mmoja baada ya kupiga mpira kwa kichwa. Huyo wa tatu alikuwa na umri wa miaka 15, na hajacheza tena, kwa kuwa wazazi wake hawakumudu gharama ya upasuaji.

Niliamini, kama wakufunzi wengi wanavyoamini, kwamba hiyo ilikuwa bahati mbaya. Kilichonitoa katika imani hiyo ni kazi ya watafiti wa tiba ya michezo, hasa Profesa Roald Bahr na wenzake wa jijini Oslo, Norway. Walipochunguza picha za video za wachezaji walioumia, waliona kwamba kano hiyo hukatika takriban milisekunde 40 tu baada ya mguu kugusa ardhi, wakati goti linapolemea upande wa ndani. Hakuna mchezaji awezaye kujirekebisha katika muda huo, ambao ni mfupi kuliko kupepesa jicho. Mwili hauna budi kuwa umefundishwa mapema jinsi ya kutua na kugeuka.

Mafunzo hayo yapo, na hayahitaji vifaa vya bei. Mpango wa kupasha mwili joto uitwao 11+, ulioandaliwa chini ya FIFA kwa ushirikiano na watafiti hao, huchukua dakika 20 hivi: kukimbia polepole, kuimarisha misuli ya tumbo na ya nyuma ya paja, kusimama kwa mguu mmoja, kisha kuruka na kutua kwa upole, magoti yakiwa yamekunjwa na kuelekea kule vidole vinakoelekea. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofuatilia wasichana 1,892 wa umri wa miaka 13 hadi 17 nchini Norway, majeraha mabaya yalipungua kwa karibu nusu miongoni mwa waliopewa mpango huo.

Najua kuna atakayesema kwamba wasichana wa Norway hawachezi katika viwanja vya vumbi na mawe kama vyetu. Hoja hiyo ilinisumbua hata mimi, hadi niliposoma utafiti wa Lagos, Nigeria, uliochapishwa mwaka 2014, ambapo vijana 416 wa kiume wa ligi ya chipukizi walishiriki, na timu zilizofuata mpango huo zikapata majeraha machache kwa asilimia 41 kuliko zile zilizoendelea na mazoezi yao ya kawaida.

Nimeutumia mpango huo kwa misimu miwili. Timu yangu ni ndogo mno kuwa ushahidi, lakini naona jinsi wasichana wanavyotua sasa, na moyo wangu umetulia.

Linaloniudhi ni kwamba katika ligi za mitaa ninazozijua hakuna anayeandika nani ameumia, lini, na vipi. Mtafiti Willem van Mechelen alieleza tangu mwaka 1992 kwamba hatua ya kwanza ya kuzuia majeraha ni kujua ukubwa wa tatizo lenyewe. Sisi hata hatua hiyo hatujaipiga, ilhali tunajiandaa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 pamoja na Uganda na Tanzania, na mazungumzo yote ni ya viwanja.

Naiomba Wizara ya Elimu pamoja na wasimamizi wa michezo ya shule wahakikishe kwamba kila mwalimu anayeongoza timu amefundishwa mpango huu kabla ya muhula ujao wa soka kuanza, na kwamba kila timu inakuwa na daftari la majeraha linalokaguliwa mwishoni mwa msimu. Wakufunzi wa mitaani nao waalikwe katika mafunzo hayo, kwa kuwa wasichana hao hao ndio tunaowafundisha wakati wa likizo.

Wako mwaminifu,
Mkufunzi wa soka ya wasichana,
Eastlands, Nairobi