Kitabu cha Tungule: barua kwa mwanangu aliye bweni

Mwanza, Januari 2025

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Najua hata ukiifungua barua hii usiku ndani ya chandarua, na mimi niko mbali, kitu cha kwanza kitakachokutoka mdomoni ni shikamoo, basi nimeipokea mapema. Huku sote wazima. Mama yako ana zamu ya usiku wiki hii, nami nimekaa mezani penye cherehani, nguo za watu nimezisogeza pembeni.

Bila shaka umeshakiona kile kitabu. Kipo chini kabisa ya tranka, chini ya mashuka, nimekifunga kwa kipande cha kitenge. Juzi tulipokuwa tunapanga vitu ulikishika, ukakigeuza nyuma na mbele, ukasema, "Hiki kibaki, Baba, wenzangu watanicheka." Sikukujibu. Usiku ulipolala nikakitia. Nisamehe kwa hilo, ila sikutaka ukutane nacho bila neno langu, maana mambo mengine ya kitabu kile hukuyajua. Ulikuwa mdogo, na mengine nilikuficha kwa aibu.

Ulikuwa na miaka mitano uhamisho wa mama yako ulipotoka, mwanzoni mwa 2016. Mimi cherehani yangu hupandishwa kwenye basi popote, nikaona kuhama ni kazi ya kufunga mizigo tu. Wewe ulikuwa mtoto wa Ngamiani, uliyejifunza kuhesabu kwa mitaa: barabara ya nane, ya tisa, ya kumi kwa Bibi. Kutoka Tanga mpaka Mwanza hukulia hata mara moja. Ulilia siku ya tatu, tulipokupeleka ziwani. Uliyaonja maji, ukaniambia wamesahau kutia chumvi. Kisha ukapanda juu ya jiwe ukakaa, unasubiri maji yapwe ili ushuke kuokota kome kama Raskazone. Tukakaa na wewe mpaka jua likazama. Maji yakabaki palepale. Nikajaribu kukueleza kwamba ziwa halipwi na kujaa kama bahari, ukaniangalia kama mtu aliyeuziwa kitu bandia.

Halafu likaja la dukani. Mama yako alikutuma tungule za shilingi mia tano. Kwetu Tanga nani hajui tungule? Ila duka la huku ni nyanya, na watoto waliokuwa wamekaa barazani waliliokota lile neno wakalifanya wimbo. Ulirudi mikono mitupu. Kwa siku kadhaa ukipita tu, "Tungule! Tungule!" Mimi nilitaka kutoka nje na kanda yangu ya kupimia nikawachape. Wewe ulifanya jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Ulisimama kwenye kizingiti, ukawaambia kwa sauti yako ndogo: "Mimi siyo Tungule. Tungule ni rafiki yangu. Amelala ndani."

Ndivyo alivyozaliwa. Walikurushia jina la kukucheka, ukalidaka, ukalitia miguu na mikono. Ndani ya wiki moja alikuwa na kikonyo kibichi kichwani, anaogopa radi, hali dagaa, na makazi yake ni katika ufa wa yale mawe mawili makubwa nyuma ya nyumba, lile la juu linaloonekana kama litaanguka na halianguki. Ukamchotea uji. Ukamsogezea nafasi kitandani.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Majirani walianza kusema. Mmoja akanong'ona kwamba mtoto anayeongea peke yake penye mawe ameingiliwa, tukamtafutie mtu wa kumsomea. Mama yako alilipuuza. Mimi liliniingia. Asubuhi moja uliweka vikombe vitatu vya chai, changu, chako na cha Tungule. Nilikuwa sikulala vizuri, nina sare kumi za kumaliza. Nikakichukua kile kikombe cha tatu, nikamimina chai yake birikani mbele ya macho yako, nikasema, "Basi, mchezo huu uishe." Hukupiga kelele. Uliangalia birika, ukaniambia: "Alikuwa bado hajanywa, Baba."

Nimeshona nguo za maharusi na sanda za watu, mama, na sijawahi kujisikia mdogo kama asubuhi ile.

Siku mbili ulikaa kimya. Siku ya tatu nikachukua karatasi nane, nikazikunja katikati, nikazipitisha kwenye cherehani kwa mshono mmoja wa kati. Karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne, nane zikatoa thelathini na mbili. Niliona nimebahatisha, kumbe vitabu vingi vya picha vya watoto duniani vina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa na kukunjwa tena mpaka itoe kurasa 16, na karatasi mbili za namna hiyo hutosha kitabu. Gamba nilikata kwenye kipande cha khanga ya bibi yako, nikakigandisha juu ya boksi. Kwenye kile kipande lilibaki jina nusunusu: NDO WA. Ukanyoosha kidole, ukauliza kimeandikwa nini. Nikakusomea. Ukasema, "Ndiyo jina la baba yake." Kuanzia hapo akawa Tungule Ndowa.

Mimi kitabu cha picha sikukijua utotoni. Tulikuwa na kitabu kimoja cha kusoma darasani, tunakiegemea watoto wanne. Hadithi zilikuwa za bibi, usiku, paukwa pakawa, na picha kila mtu alijichorea kichwani. Vitabu vyembamba vya rangi vya Kiswahili nilikuja kuviona nikiwa mtu mzima, pale Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, ulipofanya waandishi na wachapishaji wetu waone kwamba mtoto naye ni msomaji. Kwa hiyo kuchora sikujua. Nilijipa moyo kwa Edward Saidi Tingatinga, yule mtu wa Tunduru, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 kule Dar es Salaam alichukua rangi za kupaka baiskeli na vipande vya hadibodi, akachora chui na ndege wenye macho makubwa wanaojaza ubao mzima. Alifariki 1972, na mpaka leo kuna watu wanaendesha nyumba zao kwa mkono aliouanzisha. Chui wake hafanani na wa porini, na mtu yeyote akimwona anamjua kuwa ni chui. Nikasema basi, nami nitachora Tungule mwenye macho makubwa.

Lakini mwalimu wangu hasa ulikuwa wewe. Ukurasa wa tano nilimchora Tungule analia, chini nikaandika: "Tungule alilia sana." Ukanizuia mkono. "Ameshalia kwenye picha, Baba. Usimlize tena." Nikafuta. Tukaandika badala yake: "Usiku ule maji hayakupwa." Nimekaa na sentensi ile miaka mingi. Picha inasema lake, maneno yanasema jingine, na mtoto anakaa katikati ya hayo mawili akiyaunganisha. Kazi hiyo ya kuunganisha ni yake, mtu mzima akiifanya kwa niaba yake amemwibia. Na ulinifundisha kufunua ukurasa. Pale mwisho wa ukurasa wa tisa, Tungule anaposikia mtu anagonga jiwe kwa nje, ulikuwa unaweka kiganja chako juu ya karatasi, unavuta pumzi, hutaki nifunue, na unataka nifunue. Bibi yako alikuwa akifanya hivyohivyo kwa kunyamaza.

Nani aliyekuwa anagonga? Sikujua. Nilipofika pale niliishiwa. Kitabu kikakaa wazi mezani karibu wiki, ukurasa wa kumi una picha ya Jiwe la Bismarck tu, nililolichora kwa kukumbuka.

Hapo ndipo mwenzako alipokuja na mama yake kuchukua sare. Unajua nani. Mama yake anahesabu vifungo, yeye ameegemea meza, anaangalia. Wewe ulikuwa umejificha nyuma ya pazia la chumba cha kupimia, kama kawaida yako mgeni akija. Akasema kwa sauti, wala hakumwambia mtu: "Hiki ni kiazi."

Pazia likatikisika. "Siyo kiazi! Ni jiwe la ziwani!"

"Jiwe gani jekundu? Jiwe lile la kijivu. Na juu lina mavi ya ndege, meupe."

Nilishika mkasi nikaacha kukata. Wiki tano mwanangu hajasema neno kwa mtoto mwenzake, na neno la kwanza likawa la ugomvi. Ulitoka, ukamsukumia penseli mezani ukiwa umenuna. "Basi chora wewe." Akachora. Mama yake akaondoka na sare, yeye akabaki mpaka alipoitwa magharibi. Alichora mawe matatu, moja juu ya jingine, jinsi mtoto aliyezaliwa kati ya mawe ya Mwanza anavyoyajua, na hakusahau ndege.

Siku ya pili ukampeleka nyuma ya nyumba kumjulisha kwa Tungule. Nilikuwa naanika nguo, nikasikia yote. Akachungulia kwenye ufa, akasema, "Simwoni." Ukamjibu, "Hata mimi simwoni. Namjua tu."

Jioni nilimweleza mama yako maneno hayo, akacheka mpaka akakaa chini. Baadaye alinitafutia utafiti, uliochapishwa Marekani mwaka 2004 na Marjorie Taylor, Stephanie Carlson na wenzao. Waliwafuatilia watoto kwa miaka mitatu, wakakuta hadi umri wa miaka saba asilimia 65 walikuwa wamewahi kuwa na rafiki wa kujitungia. Na watafiti hao wameonyesha kwamba watoto kwa kawaida wanajua vizuri kuwa rafiki huyo ni wa kubuni, huweza hata kumkumbusha mtu mzima anayewahoji: huyu si wa kweli. Ulikuwa umeshanijibu pale nyuma ya nyumba, kabla ya karatasi yoyote. Mimi ndiye niliyeogopa kitu ambacho wewe hukukiogopa.

Kuanzia siku ile kitabu kikawa na wenyewe wawili, na mimi nikawa fundi wa kushikilia karatasi. Mwenzako akaamua mgonga jiwe ni msichana mwenye bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Akaamua pia Tungule lazima ajue kusalimia, huwezi kuishi kwa Wasukuma hujui "Mwangaluka." Ukurasa wa kumi na nne neno hilo liko kwa herufi zake, limepinda kama kamba ya kuanikia. Ulilisema jikoni, ulilisema kitandani, na jumamosi moja ukalisema pale dukani, kwa mama muuzaji, mbele ya watoto walewale wa barazani. Akakuitikia na kukuongezea nyanya moja. Ulirudi unakimbia: "Baba, wamenipa tungule ya bure!"

Michembe mlikuwa mnaitia kwenye sahani tatu. Ya Tungule mnaila ninyi kwa niaba yake. Nami nikawa nawachemshia chai, vikombe vitatu, na sikumimina tena cha mtu.

Sikumbuki tarehe aliyoondoka. Nakumbuka ilikuwa kiangazi, na chai ilikuwa mezani. Mlipita mbio kwenda kucheza kombolela, nikakuita, "Na Tungule je? Chai yake hii." Ukanijibu ukiwa tayari uko uani: "Ameenda Tanga kumsalimia Bibi!" Nikakaa, nikainywa mwenyewe. Ilikuwa imepoa.

Basi ndiyo hayo, mama. Ile siku ya kuripoti nilikuona langoni, umeshika ndoo kwa mikono miwili, wasichana wengine wameshajipanga makundi makundi wanacheka, na wewe macho yako yameanza kutafuta jiwe la kukaa. Niliyajua macho yale. Sikuwa na la kukwambia mbele za watu, na mlinzi alikuwa anatuhimiza wazazi tutoke. Sikuambii ukionyeshe kitabu kwa mtu yeyote. Kikae chini ya mashuka mpaka mwisho wa muhula ukipenda, na ukipenda ukirudishe. Nilitaka tu kiwe karibu yako, na ujue ni nani hasa aliyekitunga. Mimi nilishona.

Kurasa tatu za mwisho bado tupu, utaona. Mligombana jinsi ya kumaliza. Wewe ulitaka Tungule arudi Mwanza na gunia la machungwa ya Muheza. Mwenzako alitaka apande mtumbwi aende Ukerewe, akaone kisiwa. Mkanuniana siku nzima, kesho yake mkasahau. Penseli za rangi nimezitia kwenye soksi za michezo, kumi na moja. Nyekundu imebaki kipisi.

Jana mwenzako alipita hapa kuniletea sketi yake niipunguze kiuno. Shule yake ni ya kutwa, unajua, anatembea. Nikamwambia nakuandikia. Akafikiri kidogo, akasema nikuandikie kwamba yeye bado anasimamia Ukerewe.

Mama yako anakusalimu sana. Kula ushibe.

Baba yako