Kwa somo yangu, kuhusu kile kisanduku

Somo yangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimesimama, kwa sababu niliona mwandiko wako ulivyoyumba ulipofika kwenye maneno "kisu cha mpini mweusi". Nikuambie hili kabla ya jingine lolote: kisu hicho hakikutengenezwa kumchinja kiumbe. Kwa wengi wanaokitumia, ni mwiko hata kukatia uzi.

Umenihesabia ulivyovikuta kwenye kisanduku cha binti yako: kisu, kikombe cha shaba chenye mguu, kisahani kilichochongwa nyota, kijiti kilicholainishwa, mishumaa miwili, chetezo kidogo, na daftari lenye jalada gumu. Vyote navifahamu. Unakumbuka nilipokuwa nasoma Uingereza nilikaa nyumba moja na mwenzangu aliyefuata njia hiyo, ambayo kwao ni dini na wanaiita Wicca. Kila mwezi mpevu alivipanga vyombo kama hivyo juu ya meza ile ile tuliyofanyia kazi za chuo, nami nikikaa jikoni na mlango wazi. Mwanzo niliogopa kama wewe. Halafu nikaanza kuuliza, naye hakunificha isipokuwa machache.

Nianze na kisu, maana ndicho kilichokunyima usingizi. Wanakiita athame. Kwa kawaida kina makali pande mbili, ingawa wengi hawakinoi kabisa. Kazi yake ni kuelekeza. Mwenye kuongoza ibada anakishika, anazunguka chumba na kuchora kwa ncha yake duara lisiloonekana kwa macho, na ibada yote inafanyika ndani ya duara hilo. Jengo la kuabudia hawana, kwa hiyo duara ndilo jengo lao. Wakimaliza wanalifungua, na chumba kinarudi kuwa chumba. Vitu vya kukatwa kweli, kama majani ya dawa au nta ya mshumaa, vina kisu chake kingine chenye mpini mweupe, nacho huitwa bolini. Visu hivi viwili, cheusi na cheupe, vimetajwa katika kitabu cha kale cha Ulaya kinachonasibishwa na Nabii Suleimani, ingawa kiliandikwa karne nyingi baada yake. Kilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1889, na waliokuja baadaye wakachota humo.

Aliyekipa kisu hadhi kuliko vyombo vingine ni Gerald Gardner, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1884. Sehemu kubwa ya maisha yake aliifanyia kazi Asia, na huko nchi ya Malaya, sehemu ya Malaysia ya leo, alikuwa mkaguzi katika idara ya serikali. Alipenda visu, na hakuvipenda kijuujuu: mwaka 1936 alitoa kitabu kizima kuhusu kris, yaani jambia la Wamalay, na silaha zao nyingine. Sasa mtu wa namna hiyo anarudi kwao, anaanza kuandika taratibu za dini aliyosema ameirithi kwa wachawi wa kale, na kisu kinakaa katikati ya meza. Mimi sioni ajabu. Naamini angekuwa mpenzi wa ngoma, leo ungekuta ngoma kwenye kisanduku cha mwanetu.

Ndiyo maana nakuomba usivione vitu hivi kama mabaki ya kitu cha kutisha kilichofukuliwa. Sheria ya uchawi ya Uingereza, ya mwaka 1735, ilifutwa mwaka 1951. Miaka mitatu baadaye Gardner akatoa kitabu cha kuitangaza dini hii waziwazi. Chombo kimoja kimoja kina ukoo mrefu, lakini meza nzima, kwa mpangilio anaoutumia binti yako, haijatimiza hata miaka mia.

Kisahani chenye nyota wanakiita pentakali. Sinema zimetufundisha kuiogopa nyota hiyo, nami niliiogopa. Kwao pembe nne ni udongo, maji, moto na hewa, na ya tano ni roho. Kisahani chenyewe kinasimama mahali pa udongo, na juu yake huwekwa chumvi au chochote kinachoombewa baraka. Katika maandishi ya Gardner kuna agizo lililonigusa sana: kisahani kifanywe kwa nta, ili wapekuzi wakibisha hodi kivunjwe au kiyeyushwe upesi. Hebu fikiria kuandaa chombo cha ibada ukiwa tayari umeshapanga namna ya kukiangamiza. Binti yako chake ni cha mbao, na alikiweka kwenye kisanduku bila kufuli. Pengine hilo lina maana kuliko nyota. Na kama moyo bado unakudunda, jua kwamba tangu mwaka 2007 serikali ya Marekani inaruhusu alama hiyo hiyo ichongwe kwenye makaburi ya wanajeshi wake, pamoja na msalaba na mwezi mwandamo.

Kikombe ni cha maji, kwa maana ya maji kama mojawapo ya yale manne. Hutiwa divai au maji matupu, na ncha ya kisu ikizamishwa humo, wanaashiria muungano wa mume na mke, ambao kwao ni mtakatifu. Kijiti ni fimbo ya kuitia na kubariki. Wengi huipima kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kila mtu kwa mkono wake. Wapo wanaosema fimbo ni ya moto na kisu ni cha hewa, kama walivyofundisha Golden Dawn, chama cha siri kilichoanzishwa London mwaka 1888. Wengine wanageuza. Mwenzangu aligeuza, na aliweza kulitetea hilo usiku kucha.

Chetezo hakihitaji mimi kukufafanulia. Ila kuna jambo moja: mkaa wa kufukizia hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, basi mwambie afungue dirisha. Hilo tu ndilo la hatari ninaloliona kwenye orodha yako yote, hilo na mishumaa karibu na pazia.

Huenda baadaye ukaona ufagio, wa kusafishia mahali kabla ya ibada, au chungu cha chuma. Baadhi ya vikundi vina upanga, kamba za rangi za kuonyesha daraja, na hata mjeledi mdogo wa nyuzi laini. Huo wa mwisho mwenyewe sikuupenda, na nilimwambia mwenzangu hivyo. Anayeabudu peke yake mara nyingi hana habari nao.

Daftari wanaliita Kitabu cha Vivuli. Katika vikundi vya mapokeo ya Gardner mwanafunzi hunakili kwa mkono kutoka kwa mwalimu wake, kisha huongeza yake. Wewe umeniuliza kama kina apizo la kumdhuru mtu. Kanuni yao kuu ni kwamba ufanye utakalo mradi lisimdhuru yeyote. Lakini nakuomba usilifungue. Sehemu nzuri kuliko zote za kitabu cha Gardner ziliandikwa upya na mwanamke, Doreen Valiente, aliyeingizwa kundini mwaka 1953 na kugundua kwamba mengi yaliyomo yalikuwa yamekopwa kwa Aleister Crowley, Mwingereza aliyeandika vitabu vya mambo ya uchawi. Alimkabili Gardner, na Gardner akamwambia aandike yeye basi kama anaweza. Akaandika. Kwa hiyo daftari hilo ni mahali mwanamke anaposhika kalamu. Huenda mna mashairi ya binti yako, na mashairi ya mtu huombwa, hayaibwi.

Kilichobaki ni neno, na hapa ndipo ninapoumia. Binti yako kwa Kiingereza anajiita jina ambalo sisi tukilitafsiri tunasema "mchawi". Kwa Kiswahili mchawi ana kazi moja tu, kudhuru. Anayetibu tumempa jina lake, mganga. Wao wamelichukua neno la tusi wakalivaa kwa kusudi, na maana waliyolipa sisi hatuna neno lake. Ukimwita mchawi mbele ya watu, hutakuwa umetafsiri, utakuwa umemshtaki. Neno hilo limewatoa watu roho, somo, unalijua hilo. Usilitamke kwa jirani, wala kwa shemeji zako, hata kwa kunong'ona.

Mimi sikuifuata njia ile na sikushauri uipende. Una haki ya kuhuzunika kwamba mtoto amechagua kuomba kwa namna nyingine. Lakini huzuni ni kitu kimoja na hofu ni kingine, na hofu hiyo nataka uiweke chini leo.

Mwite, mkae wawili, umwambie kwamba ulikifungua kisanduku. Umtake radhi kwa hilo kwanza. Kisha mwombe avitoe kimoja kimoja akutajie majina. Mkumbushe pia kwamba akirudi chuoni Uingereza kisu kikae kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege, na kwamba kutembea nacho barabarani kule ni kosa asipokuwa na sababu nzuri. Ya kidini inakubalika kisheria, ila mzigo wa kuithibitisha ni wake.

Umeandika kwamba ulikikuta kisu kimefungwa kwenye kitambaa cha hariri, na kwamba sasa kiko juu ya kabati lako. Kirudishe leo kabla hajaingia, na ukifunge kama alivyokuwa amekifunga.

Wako akupendaye,
Somo