Vitabu vya wale mabibi

Shoga yangu,

Salamu, na pole na mizunguko ya kliniki. Umeuliza kama siku mbili zatosha kutengeneza vitabu vya kumbukumbu, vile vya kumwachia mtoto habari za wazazi wake na kwao, pamoja na wale mabibi kumi na wajukuu wao. Kushona, zatosha. Kujaza, hapana. Panga vikao vinne au vitano, kila wiki kimoja, kwa sababu bibi akifika ukurasa wa marehemu mwanawe, siku hiyo haandiki kingine.

Kina mama wa NACWOLA kule Uganda, chama cha wanawake wanaoishi na VVU kilichoanzishwa 1992, walikuwa wakiwaandikia watoto wao vitabu hivi enzi ambazo dawa za ARV zilikuwa haziwafikii wengi. Mzazi aliandika alikozaliwa, nani alimpa mtoto jina, mpaka wa shamba uko wapi. Usiidharau hiyo ya mpaka. Shangazi na baba mdogo wakianza kugombania kiwanja, mtoto anakuwa na cha kushika.

Sasa kazi yenyewe. Karatasi nne za A4 zikunjwe pamoja, unapata kurasa 16. Zikizidi sita, za ndani zinachomoza pembeni na mkunjo hautulii. Kati ya karatasi na karatasi weka vipande vya karatasi vya upana wa sentimita 4, navyo vikunjwe, vishonwe humo humo. Wengi wanaviruka, halafu picha zikishabandikwa kitabu kinaachama kama mamba. Vile vipande ndivyo vinavyoupa uti wa kitabu unene wa kumeza picha.

Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa msumari mwembamba, chini umeweka kandambili kuukuu. Uzi wa fundi viatu, sentimita 55, uburuze kwenye mshumaa. Anzia ndani, tundu la kati, tokea nje. Ingia la juu. Kwa ndani ruka la kati, tokea la chini, kisha rudi uingie la kati. Kabla ya kufunga fundo, hakikisha ncha mbili zimeukumbatia ule uzi mrefu ulioruka tundu la kati, moja huku, moja kule. Zikiwa upande mmoja kitabu kitalegea. Na uzi uvutwe kufuata mkunjo. Ukiuvuta kuelekea kwako unachana karatasi.

Jalada ni boksi, mawimbi yake yasimame sambamba na uti, la sivyo litavunjika linapofunguliwa. Gundi: kikombe kimoja cha unga wa ngano, vitano vya maji, koroga ungali baridi, ndipo ubandike motoni mpaka uanze kung'aa. Pika ya siku hiyo tu, inachacha. Kanga unayobandika juu ya jalada ikikauka huvuta boksi likapinda, kwa hiyo bandika karatasi upande wa ndani pia, ulalishe chini ya tofali usiku kucha. Mende wanaipenda sana gundi hii. Vitabu vikae kwenye kopo lenye mfuniko.

Picha usizipake gundi. Chanja pembe nne kwenye ukurasa uzichomeke, ili siku moja zitoke zikanakiliwe. Nyuma kabisa shona mfuko wa nakala ya cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki.

Bibi asiyeandika, mwandikie alivyosema, na lafudhi yake, kisha umsomee. "Babako alikuwa mchokozi wa mbuzi" usiigeuze ikawa "alipenda mifugo". Kalamu za rangi hufifia na zikilowa zinachuruzika. Maneno yaandikwe kwa penseli au kalamu ya kawaida.

La hali ya VVU, mlezi ndiye anayeamua lini na nani amwambie mtoto. Asipokuwa tayari, ukurasa ubaki mtupu. Na yule afisa wa mradi anayetaka kupiga picha kurasa aziweke kwenye ripoti, mpe kitabu cha mfano ulichojaza mambo ya kubuni. Vya watoto vinakwenda nyumbani nao.

Nitumie idadi ya walio chini ya miaka saba, hao nitawakatia karatasi nene. Kanga tafuta kuukuu. Mpya ina wanga, itabidi ifuliwe kwanza.

Wako,
shogayo