Barua ya wazi kwa Waziri wa Utalii na Mambo ya Kale Zanzibar: matembezi yasikomee Darajani

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwongoza wageni katika Mji Mkongwe wa Unguja. Nina leseni na kitambulisho, si papasi anayewavizia wageni bila kibali. Nalisema hilo mapema barua hii isije ikadhaniwa ni manung'uniko ya mtu aliyefukuzwa Forodhani. Nakuandikia juu ya njia tunayowapitisha wageni kwa miguu, na hasa pale inapokomea.

Njia yenyewe unaijua. Tunaanzia Forodhani, tunaingia Ngome Kongwe, kisha tunasimama mbele ya Beit al Ajaib na kueleza jinsi jengo hilo la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883 lilivyoporomoka upande mmoja Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili. Tunazama vichochoroni kuonyesha milango, ile ya juu bapa na ile ya tao yenye njumu za shaba iliyoletwa na mafundi wa Kihindi. Jaws Corner tunakunywa kahawa. Shangani ipo nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na, kwa kuwa hakuna namna ya kumkwepa, yupo pia Freddie Mercury, mwimbaji aliyezaliwa hapa Unguja. Halafu Mkunazini, kwenye kanisa la Waanglikana lililoanza kujengwa mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa. Mwisho ni soko la Darajani: karafuu, pweza, makelele. Hapo mwongozaji anaelekeza kidole upande wa pili wa Barabara ya Benjamin Mkapa, anasema "kule ndiko wanakoishi watu" (kana kwamba huku tunaishi majini), anapokea bakhshishi yake na kurudi.

Mheshimiwa, swali gumu kuliko yote huulizwa Mkunazini. Mgeni ametoka kuinama katika vile vyumba vya chini, ambavyo wanahistoria bado wanabishana kama kweli viliwahi kuwekwa watumwa. Ametazama sanamu za watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden ya mwaka 1998. Ananyamaza kidogo, kisha anauliza: waliachwa huru, sawa, lakini walikwenda wapi?

Soko lilifungwa 1873. Hadhi ya utumwa yenyewe ikafutwa kwa amri ya Sultani Sayyid Hamoud mwaka 1897. Baina ya miaka hiyo na iliyofuata, wengi waliotoka mashambani na katika majumba ya mabwana walijenga Ng'ambo, kwa miti, udongo na makuti, upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga mji na bara ya kisiwa. Mkono huo umeshafukiwa. Barabara imepita pembeni yake na magari yanapiga honi. Jibu la mgeni liko mwendo wa dakika chache kutoka pale aliposimama, na sisi tunamgeuza arudi hotelini.

Huniambia wenzangu kwamba Ng'ambo hakuna cha kuonyesha. Huwauliza: Siti binti Saad aliishi wapi? Mtoto wa Fumba, wa ukoo wa watumwa, aliyekuja mjini akiwa muuza vyungu, akaifanya taarab iimbwe kwa Kiswahili na mwaka 1928 akasafiri Bombay kurekodi santuri. Aliishi Ng'ambo, na watu walikwenda kumsikiliza huko. Mwaka huohuo wa 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Nyumba zilikuwa zao, ila kiwanja kilikuwa cha mwingine, na kodi ilikuwa imepanda kupita kiasi. Wanawake walikuwa mstari wa mbele katika mgomo ule. Hakuna kibao kinachosema hivyo mahali popote ninapopita mimi.

Na si mambo ya kale tu. Kisiwandui, hatua chache kutoka sokoni, ndipo Mzee Karume alipouawa Aprili 7, 1972, na kaburi lake liko hapo. Redio iliyotangaza Mapinduzi Januari 1964 ilikuwa Raha Leo. Michenzani yapo majumba marefu yaliyojengwa kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani Mashariki, yamepangwa msalaba, kila moja refu hata ukisimama mwisho mmoja humtambui mtu aliye mwisho wa pili. Wageni wa Ulaya wakiyaona hustaajabu kuliko wanavyostaajabia kasri. Mmoja alinambia amekulia Leipzig katika jumba kama lile, ila lao halikuwa na mnazi chini wala mtu anayekuna nazi roshani.

Niliwahi kuvuka na wageni wawili walioshikilia kuona zaidi. Vikokotoni bibi mmoja alituangalia tukipita, akanambia: "Mwanangu, leo umepotea njia?" Nilipomweleza, alitukaribisha barazani, akaingia ndani na kutoka na kanga za marehemu mama yake, akaanza kuwasomea majina yake moja baada ya jingine, akicheka kabla mimi sijatafsiri. Nikawaeleza wageni kwamba kaniki nyeusi ndiyo iliyokuwa nguo ya mtumwa, na kwamba baada ya kuachwa huru wanawake wa Ng'ambo waliitupa na kujifunga kanga za rangi. Wale wageni walikaa pale muda mrefu kuliko walivyokaa Ngome Kongwe. Bibi hakutaka pesa. Nilimwachia ya sukari kwa kulazimisha.

Kwa hiyo ombi langu ni hili: njia rasmi ya matembezi ya mji ivuke barabara. UNESCO iliuandika Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mpaka wa orodha ile tunauheshimu. Lakini mpaka wa hifadhi ya majengo si lazima uwe mpaka wa hadithi ya mji. Serikali yenyewe ilishapanga mambo kupitia Ng'ambo Tuitakayo, mpango wa kuiendeleza Ng'ambo, na kazi ile ilitambua urithi uliopo kule. Kinachobaki ni kuuingiza katika mafunzo tunayopewa waongozaji, katika mtihani wa leseni, na katika vibao vya mitaani, vikianza na Kiswahili. Wanafunzi wa skuli zetu nao wapitishwe. Wengi wanapita Kisiwandui kila siku bila kuambiwa kitu.

Nina hofu moja, na sitaki kuificha. Ng'ambo si bustani ya kuangalia maskini. Nyumba zake ziko wazi, watu wanapika na kufua nje, na wapo waongozaji watakaowaachia wageni wapige picha hovyo. Ndiyo maana masheha, viongozi wa shehia, washirikishwe tangu mwanzo, shehia ikubaliane njia ipite wapi na isipite wapi, na sehemu ya ada ibaki kwenye shehia, si mfukoni mwetu peke yetu. Ikishindikana hilo, bora tuendelee kukomea Darajani.

Jengine ni la haraka. Nyumba za udongo za Ng'ambo zinabomolewa kupisha ghorofa. Siwalaumu wenyewe, kila mtu anataka paa lisilovuja. Lakini chache zikichaguliwa na kutunzwa sasa, wenyewe wakiwa wameridhia na kusaidiwa, tutakuwa na cha kuonyesha.

Nakukaribisha, Mheshimiwa, tutembee pamoja siku yoyote baada ya alasiri, mabaraza yakishajaa watu. Msafara hauhitajiki. Askari mmoja wa usalama barabarani anatosha, maana pale Darajani vespa hazimsubiri mtu, hata waziri.

Wasalaam,
Mwongoza wageni, Unguja