Kugawa kwa sifuri sio sifuri

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Vijana wengi siku hizi wanasomea kuandika programu na ni jambo zuri sana, ila kuna kitu kinarukwa darasani na kinaniuma, sentensi ya lojiki inakuwaje pale kipande chake kimoja hakina jibu.

Chukua mfumo wa shule wa kutoa wastani. Kabla ya maagizo ya programu unaandika sharti: ama idadi ya wanafunzi ni 0, ama jumla ya alama ukigawa kwa idadi inafika 50. Sasa darasa likiwa tupu upande wa kwanza ni kweli, upande wa pili unagawa kwa sifuri, hauna jibu kabisa. Sharti zima je? Lugha nyingi za kompyuta zinasoma kuanzia kushoto, zikikuta kweli zinaishia hapo, lakini wewe geuza tu hizo pande uone, programu inaanguka, wakati kila siku tunafundishwa "ama A ama B" ni sawasawa na "ama B ama A".

Watafiti wa kompyuta Barringer, Cheng na Jones walilishughulikia hili mwaka 1984, lojiki yao ikatumika kwenye VDM, njia ya kueleza na kuthibitisha programu kwa hesabu: upande mmoja ukiwa kweli inatosha, popote ulipo. Gharama ni kwamba huwezi tena kusema kila sentensi lazima iwe kweli au uongo, na mimi naona gharama hiyo inalipika. Isabelle/HOL, programu ya kusaidia kuthibitisha hesabu, wao wameamua x/0 ni 0. Uthibitisho unakuwa mwepesi, sikatai, lakini kwenye mfumo wa shule darasa lisilo na mtoto hata mmoja linapewa wastani wa 0 na ripoti inaandika limefeli! Bora hata Event-B, njia nyingine ya kubuni mifumo kwa uthibitisho, inakulazimisha uthibitishe kwanza kwamba unachogawia sio sifuri.

Na sio mambo ya kwenye karatasi tu. Mwaka 1997 meli ya kivita ya Marekani, USS Yorktown, ilikwama baharini masaa kadhaa kisa sifuri iliyoingizwa kwenye database na programu ikagawa nayo.

Ninachoomba kwa wanaopanga mitaala, hili lifundishwe mwaka wa kwanza, pamoja na jedwali la kweli na uongo, sio mpaka mtu afike shahada ya pili. Na mwanafunzi akileta sharti lenye kugawa, mwalimu amuulize hapohapo: ikiwa tupu je?

Msomaji wenu,
Mbeya