Barua ya malalamiko: paleti zisizobebeka salama kwa foklifti

Idara ya Ghala,
Eneo la Viwanda,
Nakuru.

Kwa Meneja wa Uzalishaji,
Karakana ya Paleti.

Bwana/Bibi,

MINT: PALETI 400 ZISIZOFUATA MCHORO TULIOKUBALIANA

Paleti za mbao za kupangia mizigo, za milimita 1,200 kwa 1,000, mlizotuletea tumeziondoa kwenye matumizi. Kwa macho zinapendeza. Kosa liko kwenye vipimo, na vipimo hivyo ndivyo vinavyomlinda dereva wa foklifti (gari la kuinulia mizigo) na kila anayefanya kazi karibu naye.

Nafasi ya kuingizia meno ya foklifti au ya jeki ilipaswa kuwa na kimo cha milimita 100. Vitalu vyenu vya kati ya mbao za juu na za chini vimekatwa vifupi, na paleti nyingi zimebaki na 85. Jeki ya mkono ya kuinulia paleti, ikiwa imeshushwa kabisa, ina kimo cha milimita 85 hivi, kwa hiyo inakwama au inaingizwa kwa nguvu. Meno ya foklifti ni membamba zaidi, lakini nayo yamekosa nafasi: yakiinama kidogo tu, ncha inagonga ubao wa juu au inang'oa wa chini.

Lililotusikitisha zaidi ni mbao za chini. Inaelekea mlitaka paleti iwe imara zaidi, mkaupanua ubao wa ukingoni kutoka milimita 100 hadi 200. Mmeiharibu. Magurudumu ya mbele ya jeki yanapaswa kutua sakafuni, kwenye uwazi unaofuata ubao huo. Sasa yanatua juu ya ubao wenyewe. Mfanyakazi akipiga pampu, gurudumu linausukuma ubao chini huku mzigo ukipanda, misumari inachomoka, na mifuko 20 ya mbolea ya kilo 50, yaani tani nzima, inalalia upande mmoja. Isitoshe, kingo za juu za mbao hizo hazikukatwa mshazari, kwa hiyo hata kabla ya kufika hapo gurudumu linagonga badala ya kupanda.

Ubao wa kwanza wa juu ndio unaopigwa na meno kila siku. Tuliagiza upana wa milimita 145, na misumari 3 iliyosokotwa kwenye kila kitalu. Mmeweka wa milimita 90 na misumari 2 laini. Tena mkaratusi ulipigiliwa ukiwa mbichi: ukikauka unasinyaa, unapasuka kwenye ncha, na msumari laini unabaki ukicheza tunduni. Vichwa vilivyojitokeza vinatoboa mifuko. Kwenye raki, yaani rafu ndefu za ghala, hatuwezi kuzipandisha kabisa.

Tunataka mzichukue zote kwa gari lenu na mtengeneze nyingine kwa mbao zenye unyevu usiozidi asilimia 20. Hizi msizirekebishe kwa kuongezea vipande chini ya vitalu. Kitalu kilichoungwa hupasuka kikigongwa ubavuni. Leteni 10 kwanza, tuzipime kwa rula, kisha tuzijaribu kwa jeki na foklifti zikiwa na kilo 1,000. Malipo yaliyosalia yatasubiri jaribio hilo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inawahusu pia wanaotengeneza na kusambaza vifaa vya kazini. Tunaomba jibu la maandishi, pamoja na tarehe ya gari kufika.

Wenu waaminifu,

Msimamizi wa Ghala
Kwa niaba ya Kamati ya Usalama Kazini